Barua Iliyokuwa Picha Tu

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani, mpakani Tunduma. Kutwa nashika karatasi za watu wanaoapa kwamba ni halali, na nimejifunza kwamba anayeapa sana ndiye wa kukaguliwa kwanza. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kupitia tovuti yangu, "Mwanangu, mimi sioni, naomba uniandikie maneno yaliyo kwenye picha," nilicheka. Asiyeona anatafuta nini kwenye picha?

Tovuti yenyewe ni ndogo. Niliitengeneza baada ya kumzika baba kule Iyula, niweke picha zake na barua aliyoiacha, ile tuliyosomewa siku ya kuvunja matanga. Barua niliipiga picha tu. Maneno ya kuchapa yeyote anaweza kuyachezea, lakini mwandiko wa baba tunaujua wote.

Nikamjibu: "Shikamoo mzee. Nikiandika, utasomaje?"

"Marahaba. Simu hunisomea kwa sauti. Ikifika kwenye barua inasema 'picha', halafu inapita. Mtu aliyekuwepo msibani ameniambia nimetajwa humo, ila hataki kusema kwa lipi. Hapa Galula wapo wa kunisomea, lakini kama natukanwa, nataka nisikie peke yangu kwanza."

Matapeli wa siku hizi wana maneno! Nikamtega: mashine ya baba ya kumenya kahawa ilikaa wapi?

"Kwenye ardhi yangu. Ndiyo iliyotugombanisha, nikahama."

Jibu lilikuwa sahihi, na likanitisha kuliko uongo. Kumbe ni yule jirani aliyegombana na baba kuhusu mpaka. Kwenye barua baba alikiri kwamba mpaka wa shamba ulikuwa pale pale alipouonyesha jirani, na mistari mitano ya mibuni iliyo upande wake hadi leo tunaivuna sisi. Nikampigia dada yangu.

"Ukimchapia hayo umempa shamba," akasema. "Atakuwa kwenye baraza la ardhi kabla hujala mchana. Wewe mtu wa mpakani, unadanganywa na kipofu?"

Basi nikamzungusha mzee wa watu. Chini ya kila picha ya tovuti niliandika maelezo ambayo simu yake ingeweza kuyasoma: baba amekaa kwenye stuli, kofia gotini, koti la kanisani limebanwa tumboni, baba anaanika kahawa, anamfokea mpiga picha. Nilijitahidi kweli, ila barua niliiruka. Nilidhani ataridhika.

"Asante, baba yako nimemwona," akajibu. "Sasa barua."

Niliona aibu. Muda wote nilijiambia kwamba naulinda mwandiko wa marehemu, kumbe nailinda mibuni. Na mtu niliyekuwa namfungia mlango ndiye pekee ambaye baba alikuwa na neno naye.

Niliichapa yote, neno kwa neno, na ule mstari wa mpaka sikuupunguza. Kisha nikakaa nikisubiri kuitwa barazani.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya malori.

"Nimesikiliza mara tatu. Kahawa endeleeni kuvuna, mimi huku nina mpunga. Nilihama Iyula nikiitwa mwizi wa ardhi, wanangu wamekua wakiitwa hivyo. Nilitaka tu kujua kama baba yako alijua sikuiba. Sasa namwita binti yangu aje, simu imsomee na yeye."

Niliyasoma maneno hayo nikitafuta mtego, kama nilivyozoea. Sikuupata, nikalia pale pale mbele ya madereva.