Neno Lililomwendea Generoza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mswaki. Masera, mtawa aliyekuwa mkuu wa chumba cha upasuaji, aliniketisha mbele ya karai lililojaa vikoleo vya kubania mishipa ya damu, akasema: "We, Mediatrisi, fungua kila kimoja kinywa, usugue pale kwenye bawaba. Damu inapenda kujificha pale." Nilisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Ndivyo nilivyoingia kazi ya kutakasa vyombo, katika hospitali moja hapa Bujumbura, na sikuiacha mpaka nilipostaafu.

Ninyi mnaoletewa vyombo ndani ya mifuko ya karatasi, yenye ukanda unaobadilika rangi, mtaniona mshamba. Sisi tulikuwa na otoklavu, chungu kikubwa cha chuma kinachopika vyombo kwa mvuke wa nguvu. Vitambaa vilikaa ndani ya tamburi, kopo la chuma lenye vidirisha ubavuni. Likiingia kwenye mvuke, unavifungua. Likitoka, unavifunga papo hapo, hata jasho hujafuta. Ukisahau, umepika bure.

Generoza aliletwa baadaye, msichana wa Kamenge, mwembamba, mpole, wa kuitikia "ndiyo, dada" kwa kila jambo. Masera akaniambia nimfundishe. Nani alimpa mswaki? Mimi. Nani alimwonyesha bawaba? Mimi! Alishika kazi upesi mno, na hilo lilinikera kidogo, lakini nikajiambia sifa zitanirudia mimi mwalimu wake.

Ikaja harusi ya mdogo wangu kule Gatumba. Zamu ilikuwa yangu, nikamwomba Generoza anishikie. Nilikula, nikacheza, nikarudi nimechangamka. Kumbe nyuma yangu mambo yalikuwa yametokea, na nilisimuliwa na kila mtu, tena na tena, mpaka nikayachukia.

Umeme ulikatika otoklavu ikiwa katikati ya kazi. Uliporudi, mshale wa kipimo cha mvuke ulikuwa umeshaanguka. Mganga mkuu wa upasuaji, bwana mrefu mwenye sauti ya kutetemesha madirisha, alikuwa na mgonjwa wa ngiri anayesubiri.

"Leta vyombo! Vimeiva vya kutosha."

"Apana, Dokteri. Mvuke ulianguka. Naanza tena."

"We ni nani wa kuniambia apana?"

"Mi ni mutu wa vyombo."

Masera akaingia, akautazama mshale, akamwambia mganga akae chini asubiri. Kesho yake asubuhi alitukusanya sote. "Kuanzia leo," akasema, "sitaki vyombo vilivyochemshwa tu. Nataka vilivyojenerozwa." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nami nilipiga makofi, roho ikiniuma.

Neno likashika. Kujeneroza kulikuwa kusugua bawaba, kupika, na ukiwa na shaka hata chembe, kuanza upya. Hata yule mganga mkuu alikuwa akinyoosha mkono na kuuliza, "Hivi vimejenerozwa?" Mungu wangu! Ningefanya vile vile, naapa. Na zamu ilikuwa yangu! Mume wangu aliniuliza kama ningependa kukosa harusi ya mdogo wangu. Nikaenda kuosha sahani, maana jibu lilikuwa ndiyo.

Nilihamishiwa wodi ya wazazi, chini ya mkunga mkuu, mama mkali asiyecheka. Siku ya kwanza tu akaniuliza kama naweza kujeneroza. Mimi! Nilimwambia naweza, nikaenda kulia msalani. Miaka ikapita, nikarudi nikiwa mkuu wa idara, nikalipiga neno lile marufuku. "Semeni kutakasa," niliwaamuru. Wakaitikia, "Ndiyo, shefu." Nilipogeuka tu, nikasikia: "Harakisheni kujeneroza, shefu amekasirika."

Generoza hakuwahi kujisifu. Afadhali angejisifu, ningepata la kumsema. Alipofariki nilikwenda mazishini, na hata kule mhubiri alisema Mungu sasa ameijeneroza roho yake. Watu waliitikia amina. Mimi nilikohoa.

Sasa nimestaafu, niko kwangu Ngagara. Juzi binti yangu alipelekwa kupasuliwa, mtoto amekaa vibaya tumboni. Nikamkamata mkono muuguzi, msichana mdogo aliyekuwa akiingia.

"Vyombo mmevijeneroza?"

"Apana, mama… sijui hilo neno."

Hakulijua! Nikatazama huku na huku ukumbini. Hakuna hata mmoja wa wakati wetu. Masera hayupo, mganga mkuu hayupo. Nikamweleza: bawaba, mvuke, kuanza upya. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Limetoka kwa nani?"

Jamani, jina langu lilikuwa limeshafika ulimini. Nani angenipinga? Lakini ndani mle kulikuwa na mwanangu, na nilitaka vyombo vyake vipikwe na yule aliyemwambia mganga apana.

"Kwa Generoza," nikasema. Kisha, kwa sauti kubwa kidogo: "Nilimfundisha mimi."

Msichana akatabasamu. "Basi tulia, mama. Mushale uliposhuka asubuhi tulianza upya. Vimejenerozwa."

Akaingia, akafunga mlango. Nikamsikia akilirudia neno kwa wenzake ndani, nao wakacheka, wakaliuliza, wakalijaribu mmoja mmoja. Jina langu hata hakuniuliza.