Ngoma Nilizoziweka Ndani ya Bani

Jamani, mimi ndiye niliyemuua rafiki yangu. Sikumgusa kwa mkono, na hakuna aliyewahi kunishuku, lakini ni mimi! Nikiacha kuandika leo sitaandika tena.

Nitamwita Maganga, ingawa silo jina lake. Tulikuwa majirani huku Goweko, sote wakulima wa tumbaku. Hakuwa na choyo hata chembe. Mgonjwa akizidiwa kijijini, pikipiki yake ndiyo iliyomfikisha Tabora mjini, na ukimtajia mafuta anakucheka. Mwaka ule mahindi yangu yalipokauka, nilikula kwake hadi mvua iliporudi, na hakunikumbusha hata siku moja.

Na ngoma alizipenda, acha tu! Wenzake wakihangaika na nyimbo mpya kwenye simu, yeye anapanda treni hadi Tura kumsikiliza mzee mmoja mpiga zeze. Nyimbo za wapagazi alizijua, zile walizoimba babu zetu wakibeba mizigo kwenda pwani. Ngoma zake kubwa alizirithi kwa babu yake wa Kwihara. Nyingine ndogo zilikaa kwa mama yake.

Siku aliyokufa alikuwa anazileta zile kubwa kutoka Kwihara, kwa ajili ya harusi ya kesho yake, mvua ikamnyeshea njiani. Akaniachia mimi, maana ilikuwa zamu yangu kulinda moto wa bani, lile banda letu la kukaushia tumbaku.

"Zianike kivulini, ndugu yangu," akaniambia. "Moto tutazionjesha kesho, kwa nyasi kidogo, kabla ya kupiga. Usiziharakishe."

"Usiwe na wasiwasi," nikamjibu.

Uvivu wangu huu! Kivulini ningelazimika kukaa nazo nikizigeuzageuza, na mimi nilitaka kwenda kilabuni kunywa. Nikaziingiza ndani ya bani, nikaziegemeza kwenye bomba la moto, nikashindilia kuni. Nikifunga mlango nikasikia ngozi zinajivuta zenyewe, ti, ti, kama mtu anazigusa kwa kidole. Nikaondoka hivyo hivyo.

Niliporudi alasiri, moshi ulikuwa unatoka kwenye paa. Ngoma zikapasuka mle ndani, moja, kisha nyingine. Watu wakaja na ndoo. Maganga naye akafika mbio, akanishika bega.

"Ngoma ziko wapi?"

Ningesema ziko nyumbani kwangu, leo angekuwa hai! Badala yake nikasema, "Zimo ndani."

Akaingia. Paa likashuka.

Msibani watu wakauliza nani aliziweka ngoma mle. Niliinamisha kichwa. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Ngoma zile zina mizimu. Alizipenda kupita kiasi, zimemwita." Watu wakaguna kukubali. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakubali pamoja nao! Nilijiona nimeokoka.

Wiki chache baadaye mama yake aliniita. Nilikuta zile ngoma ndogo amezipanga uani.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama tuwaitavyo mama zetu.

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie kuzichoma hizi. Zimemchukua mwanangu, zisije zikachukua na wajukuu."

Nikaenda kuleta kuni, nikamwashia moto, nikasimama naye hadi zikawa majivu.

Tangu hapo hakuna anayepiga ngoma kijijini kwetu. Hata harusini wanakodi spika. Mtu aliyewabeba wagonjwa wa watu bure, leo anatajwa kwa kunong'ona kama mchawi! Na mayu huniombea kila Jumapili kwa jinsi ninavyomtunza. Akinishukuru natamani ardhi inimeze.

Wenzangu, ukikosea sema siku hiyo hiyo, hata kama watakupiga. Ukinyamaza, watu watajitafutia sababu yao, na lawama itamwangukia asiyeweza kujitetea. Nami kila siku nasema kesho, nawaambia ninyi msionijua kabla ya kumwambia yeye. Mayu sasa anaumwa, hainuki kitandani. Juzi alinishika mkono, akaniuliza kama nadhani mwanawe yuko motoni kwa ajili ya zile ngoma.

Nikamwambia, "Tuombe, mayu."