Siku Nilipompa Fundi Musoke Bunduki Asizokuwa Nazo

Chekeni tu, sitanuna, maana hata mke wangu akitaka ninyamaze hunitajia mtaa wa Katwe, na mimi nanyamaza hapo hapo. Aibu niliyoipata pale niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mafundi wote wa bati na wateja wao, na kama kuna mtu wa kusifiwa katika habari hii, basi si mimi.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi. Kura ya kuchagua wakubwa wa nchi tulishaisahau, lakini sisi wa Katwe tuliruhusiwa kumchagua mwenyekiti wa mafundi, kwa sababu bati lilikuwa limeadimika na lile kidogo lililotoka bohari ya serikali lilihitaji mtu wa kuligawa. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Fundi Musoke, mtengeneza masanduku, mzee mpole mwenye kovu kila kidole, na akikuungia bati huoni palipoungwa (niliwahi kujaza maji sanduku lake kwa ubishi tu, halikuvuja hata tone). Mwingine alikuwa Bwana Haruna, mwenye duka la misumari, na mimi Rajabu nilikuwa karani wake, kwa hiyo kampeni ikawa yangu nipende nisipende.

Musoke alisema maneno machache tu, kwamba bati likija litagawanywa hadharani na yeye atachukua lake mwisho. Watu wakapiga makofi mpaka Haruna akaniita nyuma ya duka.

"Rajabu, kwa mambo ya bati hatumwezi huyu. Wewe redio husikilizi? Wakubwa wakitaka watu wawafuate, wanasema nini kila siku?"

"Wagerila," nikajibu. (Ndivyo walivyoitwa waliochukua silaha kuipinga serikali, na pia yeyote ambaye wakubwa wameamka hawamtaki.)

"Basi! Waambie wagerila wamefika mpaka Katwe, na mimi ndiye nitakayewalinda. Mtu akishaogopa haulizi tena habari ya bati."

Na alisema kweli, hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Asubuhi ya kura nilipanda juu ya pipa na spika ya mkono, nikatamka hilo neno wagerila, na nyundo zote zikanyamaza, watu wakasogea, hata wale ambao siku zote walinipita bila salamu wakawa wananitazama mdomoni, nami nikavimba kichwa. Ningeshuka hapo ningekuwa salama. Lakini nikaona hotuba inataka chumvi kidogo, na mbele yangu, kibandani kwa Musoke, kulikuwa na sanduku jekundu limefungwa kufuli.

"Jiulizeni!" nikapaza sauti. "Fundi anauza masanduku matupu, hili la kufuli lina nini? Bunduki haziingii mjini zikitembea kwa miguu, ndugu zangu, zinaingia ndani ya masanduku!"

Wallahi nilitaka wacheke kidogo na waogope kidogo, basi. Sikujua kwamba nyuma ya umati kulikuwa na sajini na askari wake wawili, waliokuja kuchukua sigiri ya kupikia.

"Wapi hiyo bunduki?" sajini akauliza, na watu wakampisha.

Nikatafuta msaada kwa Bwana Haruna. Bwana Haruna alikuwa amekumbuka sala, saa nne asubuhi.

Sajini akalipiga teke sanduku. "Wewe mzee, fungua."

"Afande, ufunguo hapana kuwa na mimi," akasema Musoke kwa Kiswahili cha askari. "Ni ya mteja. Yeye naleta, mimi natengeneza mkono ya sanduku tu."

"Mteja nani? Sema jina."

Musoke akafuta mikono kwenye aproni yake, taratibu, kama mtu aliyeulizwa bei. Alijua, kama tulivyojua sote, kwamba akitaja jina askari watakwenda nyumbani kwa mwenye jina, na wakienda huko hawatapiga hodi.

"Jina ya mteja sitoi, Afande. Kama wewe nataka mtu, mimi niko hapa. Peleka mimi."

Nilikuwa bado juu ya pipa na spika mkononi. Neno moja tu, nimedanganya, lingemwokoa, na siku zile mtu akiingizwa kwenye gari la jeshi familia yake ilianza matanga bila maiti. Nililijua neno hilo, likafika mpaka kwenye meno, na hapo likagoma. Nilimwogopa sajini, huo ndio ukweli. Wale askari wawili wakamshika Musoke mikono.

Hapo ikasikika sauti ya mwanamke: "Wacheni huyo mzee! Hiyo sanduku ni ya kwangu!"

Mama mkwe wangu! Alitoka Kisugu asubuhi ile kufuata sanduku lake, na sasa alikuwa anapasua umati huku anafungua ufunguo uliofungwa kwenye mshipi wa gauni lake la gomesi. Sasa mjue kwamba kwetu mjini hapa, hata sisi ambao babu zetu walitoka pwani, ukioa Muganda unafuata adabu yao: mama wa mke wako humtazami usoni, na akitokea unajificha. Mimi miguu yangu haikuuliza ruhusa ya akili. Niliruka kutoka kwenye pipa na kuchuchumaa nyuma ya pipa hilo, nikajifunika uso kwa shati.

"Yule nakimbia! Shika yeye!" akafoka sajini.

Wakanivuta kwa ukosi mpaka mbele ya sanduku, lililokuwa limeshafunguliwa, na sajini alikuwa ameinua kwa mtutu wa bunduki, juu, watu wote waone, gauni la ndani la mama mkwe wangu, la waridi, lenye lesi. Mimi nimefumba macho (sikufumba mapema vya kutosha, Mungu anisamehe), na mama amejifunika uso kwa kitambaa.

"Wewe nasema bunduki, halafu nakimbia. Kwa nini?"

Aliyenijibia ni Musoke, yule yule ambaye dakika moja kabla nilikuwa nimemuuza.

"Afande, yeye hapana kimbia serikali. Huyo ni mama ya bibi yake. Kwa sisi, mkwe nakuja, wewe najificha."

Sajini akamtazama mama, akanitazama mimi, akalishusha lile gauni polepole kana kwamba limeanza kumchoma.

"Hata kwetu ni hivyo," akasema. Kisha akanigeukia. "Mdomo yako itaua watu. Ruka chura!"

Nikaruka kichura kulizunguka lile sanduku, macho nimeyafumba, nikijigonga kwenye mapipa, mafundi wakicheka mpaka wanashika mbavu, na sikuacha mpaka askari walipoondoka na sigiri yao. Ndipo Musoke akaniokotea spika.

"Waliosikia la kwanza wasikie na la pili," akasema.

Nikasema nimedanganya. Nikarudia, maana mara ya kwanza sauti haikutoka. Watu wakapanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, na nyuma ya Haruna, aliyerudi kutoka kwenye sala yake, walisimama shemeji zake watatu tu.

Jioni nilimwendea Musoke kibandani. Nilimwambia, "Mzee, kama wangekupeleka, nisingepata usingizi maisha yangu yote."

Hakunikemea. Aliendelea kupiga nyundo kidogo, kisha akasema, "Ungelala, Rajabu. Jirani yangu wa hapa askari walimpeleka mbele ya macho yangu, na mimi usiku ule nililala. Ndiyo maana nakusamehe."

Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mzee, wala sijashika spika tena. Na mgombea akianza kuniambia adui yumo kati yetu, mimi humkatiza na kumuuliza kama yeye mwenyewe amemwona, kwa macho yake, na akishindwa kujibu, naondoka na kura yangu.