Acha Jani Likauke Kwanza

Siku tuliyokimbia vita kule Oicha naikumbuka bado, mwanangu. Mama yangu alikuwa na siku nne tu kaburini. Kila mtu alifunga alichoweza kubeba. Mimi nilivunja majani matatu ya ua lake, lile la majani manene yaliyojaa maji, lililokuwa likichanua maua mekundu dirishani. Hayo ndiyo niliyobaki nayo ya mama.

Tulifika hapa Butembo kwa mama mukubwa, dada yake. Sikukaa chini. Nilijaza udongo mweusi kwenye kopo la maziwa, nikachomeka jani la kwanza, nikalimwagia maji asubuhi na jioni. Sisi watoto wa walimaji, si ndivyo tunavyofanya na miche ya kabichi? Likaoza. Nikachomeka la pili, nikaongeza maji. Nalo likaoza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi hata kumwuliza mkuu sikumwuliza.

Nikichukua la tatu, mama mukubwa akanishika mkono.

"Weye, hapana panda. Huone pale ilikatikia? Iko na kidonda. Iweke pa dirisha, kidonda ikauke kwanza."

"Itakufa, mama mukubwa."

"Iko na maji yake ndani. Ni weye njo unaiua."

Siku tano nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha tukalilaza kwenye udongo uliochanganywa na mchanga wa mto, kopo limetobolewa chini, maji kidogo tu udongo ukishakauka. Likatoa mizizi. Lilipochanua, ndipo nilipomlilia mama kwa mara ya kwanza.

Sasa wewe. Wiki tatu tangu tumzike baba yako, na tayari unataka kuolewa na mtu uliyemjua matangani. Sisemi ni mubaya. Nasema pale ulipokatikia pangali pabichi. Mwambie angoje. Lia, kula, lala. Mvumilivu hula mbivu. Msimu ukipita na bado unamtaka, nitavaa kitenge kipya nikuchezee harusi.

Usidhani mimi nimetulia. Tangu asubuhi nimefagia ua mara tatu, na baba yako hayupo wa kuniambia niketi.

Nimekata majani mawili ya ua lile la bibi yako. Yako pale dirishani, moja lako, moja langu. Tusiyaguse. Mungu akukaushie kidonda, mwanangu, akupe mizizi mahali usipolazimika kukimbia.