Mashahidi Wangu Thelathini wa Dawa ya Presha

Niliaibika, siogopi kusema, tena mchana kweupe mbele ya ofisi ya kijiji, nikiwa nimevaa koti langu la kwendea harusi. Wanaosema nililia ni waongo, lile lilikuwa jasho. Mimi niliishia darasa la tatu, nikapanda kahawa kwa mikono hii mpaka nikanunua mashine yangu ya kumenyea, hapa hapa kijijini kwetu, mlimani juu ya Nanyala, kwa hiyo sijazoea kufundishwa, hasa na mtu niliyemlipia ada mwenyewe.

Mtu huyo ni binti yangu, Atupele. Yuko chuo kikuu anasomea mambo ya afya, na likizo ile alikuja na kazi aliyoiita mapitio ya tafiti. Akanieleza jikoni (nilimwambia aeleze polepole) kwamba amekusanya tafiti zote alizozipata kuhusu ule mzizi mchungu tunaochimba bondeni kwa ajili ya presha, akatupa mbovu, zilizobaki akazipima uzito, kisha akazijumlisha zikatoa jibu moja. Karatasi zinapimwaje uzito, mpaka leo sijui, mimi najua kupima kahawa.

"Wewe umempima nani?" nikamuuliza.

"Sijampima mtu, Baba. Nimesoma kazi za waliopima."

"Mzizi umechimba?"

"Hapana."

"Sasa unajua nini?"

Akasema jibu ni kwamba bado haijulikani kama mzizi unasaidia. Nikachanganyikiwa kabisa, maana mtu anasoma miezi yote hiyo halafu anakuja kukwambia haijulikani, si hata mimi ningemwambia hivyo bure? Na mimi nilikuwa najua! Niliambiwa nina presha, nikapewa vidonge, nikavikataa, nikanywa mzizi, nikaenda kupimwa, presha imeshuka. Nikatangaza kila mahali. Hata mdogo wangu Eliza, mwenye presha kunizidi, aliacha vidonge vyake akanifuata (na nilijisifu kwa hilo, Mungu anisamehe).

Muuguzi wa zahanati akamwomba Atupele aje aeleze kazi yake kwenye mkutano wa kijiji. Nikawaza: huku kwetu mtu akigombea mpaka wa shamba, anakwenda barazani na ukoo wake umesimama nyuma yake, na mwenye watu wengi ndiye anayesikilizwa. Kama mwanangu anajumlisha, basi nitampelekea cha kujumlisha. Nikapita nyumba kwa nyumba, na kabla ya chakula cha mchana nilishapata watu thelathini.

Siku ya mkutano nilimwacha amalize, nikasimama na watu wangu.

"Hawa wote ni mashahidi wa mzizi. Haya, jumlisha!"

Watu wakapiga makofi. Atupele hakubisha, akaanza kuwauliza mmoja mmoja kwa heshima zote, akianza na rafiki yangu Nzunda.

"Shikamoo, baba mkubwa. Umeutumia mzizi?"

"Mimi? Sina presha mimi. Ila najua unaponya."

"Umejuaje?"

"Si baba yako kasema!"

Wa pili naye kasikia kwangu. Wa tatu kasikia kwa Nzunda. Wa nne, jirani yangu, alikuwa anaunywa kweli, lakini hajawahi kupimwa hata siku moja. Alipofika katikati ya mstari, mkutano mzima ulikuwa unamjibu kabla hajauliza: "Baba yako!" na watoto wanarukaruka.

"Baba," akasema Atupele, "hawa si thelathini. Ni wewe mmoja, umehesabiwa mara thelathini."

"Hata mmoja anatosha akiwa mzima! Nipimeni!"

Muuguzi akanifunga mkanda mkononi, akapima, akasema presha ni nzuri. Nikainua mikono juu kama mbunge aliyeshinda. Eliza naye akaja mbio, anacheka, akasema apimwe yeye, maana tulioponywa tuko wawili. Muuguzi akampima. Akampima tena mkono mwingine. Kisha akamwambia akae asitembee, na akaomba gari litafutwe.

"Kichwa kinauma, mama?"

"Tangu juzi."

"Unakwenda hospitali sasa hivi, na vidonge unarudia."

"Siendi," akasema Eliza. "Kaka yangu anakunywa mzizi huu huu, na mmeona wenyewe."

Akasimama mke wangu, ambaye kwenye mikutano huwa hafungui mdomo.

"Wifi, nenda. Kaka yako hajaponywa na mzizi. Vidonge vyake namsagia kwenye uji kila asubuhi. Nilimuuliza muuguzi, akaniambia vya aina hiyo vinasagika."

"Uji upi?" nikauliza (kati ya maneno yote duniani, nikapata hayo).

"Wa ulezi. Ule unaousifiaga."

Kijiji kikalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti alijifunika uso kwa daftari la mahudhurio. Nzunda akapaza sauti, "Mzee mzima, kumbe unalishwa!"

Eliza peke yake hakucheka.

"Kaka, kumbe wewe ulikuwa unakunywa vidonge?"

"Sikujua, mdogo wangu."

"Mimi nilikuwa sinywi."

Akaingia kwenye gari. Nikaingia naye na koti langu, njia nzima nimemshika mkono.

Walimlaza siku nne, akarudi, Mungu mkubwa. Sasa nameza vidonge mbele ya mke wangu na kufungua mdomo akague. Nimeapa sitampa mtu dawa tena, hata ya mafua. Na Eliza kanipa adhabu: nirudi nyumba zote thelathini kufuta maneno yangu, yeye akiwa nyuma yangu. Hii ni wiki ya tatu, na waliokubali ni sita tu. Jana yule jirani anayekunywa bila kupimwa alinifungia mlango, akaniambia kupitia dirishani kwamba hospitali imeshaninunua, na kwamba yeye anabaki na maneno yangu ya kwanza.

Eliza akasema, "Gonga tena." Nikagonga.