Figo ya Kulia

Binti yangu alikuwa ameshaanguka mtihani wa viungo vya mwili. Chuo cha udaktari kilimpa nafasi moja ya mwisho: ajibu kwa mdomo mbele ya daktari, ama arudi nyumbani. Asubuhi ya mtihani alikuja kwa bucha yangu pale Huruma, macho mekundu.

"Mama, huu ukuta wa nyuma wa tumbo hauingii kichwani. Kwa kitabu kila kitu kimelala kama chapati."

"Leo utaingia," nikasema. Shule niliachia darasa la saba, lakini mbuzi nimefungua miaka kumi na tisa, na figo huzihesabu mara mbili, maana watu wa kichinjio wana vidole vyepesi, moja hupotea.

Nikamtoa mbuzi kwa ndoano nikamlaza chali mezani. Akining'inia, juu huwa chini. Matumbo yalishatolewa.

"Katikati ni uti wa mgongo. Huku na huku, huu mnofu mrefu, laini, ule watu wa hoteli hutaka kwa bei ya mifupa. Figo zimeuegemea, zimefunikwa mafuta. Na haka kamrija kanateremka juu ya mnofu kupeleka mkojo."

Alifuata kwa kidole, midomo ikitembea. "Zinalingana?"

"Hapana. Ya kulia iko juu, imejificha kwa mbavu. Ya kushoto iko chini. Hapo usikubali kubishiwa, hata na koti jeupe."

Akaenda. Nikaona amesahau daftari kando ya mizani, nikalifungua. Alikuwa amechora mtu, na figo ya kulia ndiyo iliyokuwa chini. Nikasema moyoni amegeuza mchoro. Nikajishika mbavu zangu, kulia kwa kulia, nikaangalia tena. Kando ameandika: ya kulia hushushwa na ini.

Mbuzi ana tumbo kubwa la nyasi upande wa kushoto, ndilo linalosukuma figo ya huko ishuke. Miaka yote hiyo nilidhani najua mwili, kumbe najua mbuzi.

Nikampigia simu. Imezimwa.

"Mama, nusu kilo yangu?" akauliza mzee mmoja wa mtaa wa Munyaka, mteja wangu wa siku nyingi.

"Kesho, Mzee."

"Na leo nikule mizani?"

Nikafunga mlango. Mwenye boda boda akataja bei, nikapanda bila kuomba punguzo. Akaniangalia kama mgonjwa.

Chuoni mlango wa mtihani ulikuwa umefungwa. Nilikaa kwenye benchi, daftari kifuani, nikihesabu madirisha. Kumi na moja. Nikarudia, kumi na moja. Ndipo binti yangu akatoka, polepole.

"Nilikufunza vibaya," nikasema. "Ya kulia..."

"Nilijibu iko juu."

Nikafungua daftari pale kwenye mchoro.

"Daktari akaweka kalamu chini, akaniuliza kama nina uhakika. Nikakumbuka meza yako, ule upande wa kushoto wa mbuzi ulivyobaki pango tupu. Nikajiuliza, mtu huweka nini hapo, nyasi? Nikamwambia, samahani, hiyo ni ya mbuzi. Ya mtu ni kinyume, kwa sababu ya ini."

"Akasema nini?"

"Alitaka kujua mbuzi gani. Halafu akaniuliza yale mengine, mnofu, mishipa, mirija. Nilikuwa nayaona, Mama. Amesema nimepita."

"Amesema mara ngapi?"

"Mara moja."

"Rudi ukamwulize tena."

Aliniangalia aone kama natania. Kisha akageuka, akabisha mlango.