Nyanya za Watu

Wifi yangu ana ugonjwa mmoja ambao hakuna hospitali inayoutibu: ukimwambia "niwekee," anakuwekea. Anaweka kweli. Miaka yote aliyouza sokoni mboga za shambani kwake, chini ya meza yake hapakukosa vifurushi vilivyofungwa, kila kimoja kina mwenyewe, na hata aje mteja mwenye haraka na pesa mkononi, cha mtu hakiguswi. Bwana mmoja aliwahi kuomba awekewe boga, kisha akasafiri. Boga likamsubiri mpaka likabonyea upande mmoja kama shavu la kibogoyo. Aliporudi akakabidhiwa, akalichukua kwa aibu, na tangu siku hiyo soko zima likawa linamwita wifi Bi Nakuwekea.

Mimi ni dada wa marehemu mume wake, kwa hiyo ruhusa ya kumsema ninayo, na ninaitumia. Lakini haki ya mtu isemwe: watu walimpendea hiyohiyo tabia. Mpishi wa shule ya bweni, mama mmoja mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, hakununua nyanya kwingine. Alikuwa akipita tu asubuhi na kusema, "Niwekee zangu," halafu anaendelea na safari yake.

Mtoto wa wifi, wa pekee, tunamwita Mhandisi. Hajajenga hata banda la kuku. Alisomea kompyuta, na katika ukoo wetu mtu akiweza kurudisha picha zilizopotea kwenye simu ya shangazi, cheo anapewa papo hapo. Kijana ana moyo mzuri, sikatai. Tatizo lake ni kwamba akishapata wazo, masikio yanafunga duka.

Basi siku moja alikuja nyumbani na begi lake la mgongoni, akatukalisha sebuleni mimi na mama yake.

"Mama, dalali anakunyonya. Wachuuzi wanakunyonya. Hata soko lenyewe linakunyonya."

Kwa hesabu yake, ilikuwa ajabu wifi bado ana damu mwilini.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Tunafungua duka la mtandaoni. Mteja anaona nyanya kwenye simu, anachagua, tunampelekea. Hakuna mtu wa katikati. Wewe panda tu."

Wifi akapanda. Aling'oa mchicha, akang'oa bamia, akang'oa na biringanya zilizokuwa zimeanza kuzaa, shamba lote lile la nyuma ya nyumba akalitia nyanya tupu. Meza ya sokoni akamwachia jirani. Nikamwambia, "Wifi, hata kwenye ngazi mtu haachi kidato cha chini kabla hajashika cha juu." Akanijibu kwamba mimi nina wivu kwa sababu wanangu ni mafundi magari. Sikuongea naye mpaka kesho yake.

Nyanya zilipotoa maua, Mhandisi alikuwa anachagua rangi ya duka. Zilipofunga matunda, alikuwa bado kwenye nembo: alitaka jani, kisha akataka jani lenye tone la maji, kisha akaona tone linafanana na chozi, akarudia jani. Zilipoanza kuwa na wekundu, ndipo alipokuja kupiga picha. Akachuma tano nzuri kuliko zote, akazipaka mafuta ya kupikia, akazinyunyizia maji, akazilaza juu ya gunia jipya ambalo halijawahi kubeba kitu. Wifi naye akapigwa picha ameshika jembe safi la dukani, akaambiwa acheke. Chini ya picha Mhandisi akaandika kwamba mama huyu huamka kabla ya jua kwa mapenzi ya wateja wake. Wifi huamka kabla ya jua kwa sababu maji ya bomba hukatika jua likichomoza, lakini hilo halikuandikwa.

Siku ya kufungua duka, kundi letu la ukoo kwenye simu lilikaribia kupasuka. Hongera zikamiminika. Mjomba aliye ng'ambo akaandika "fahari ya ukoo" kwa herufi kubwa. Kila mtu alituma alama za moyo, wengine mioyo mitatu mitatu. Mioyo ile ingekuwa na meno, nyanya zingekwisha siku hiyohiyo.

Mhandisi akamwachia mama yake simu yenye duka ndani, akamwonyesha mahali pa kutazama.

"Hapa utaona watu wanavyoweka vitu kwenye kapu."

"Wakishaweka?"

"Wakishaweka, mama, hao ni wako."

Akabeba begi lake, akarudi mjini kwenye chumba alichopanga. Na hapo ndipo balaa lilipoingia, tena lilivaa nguo za heshima. Maana jioni ileile makapu yakaanza kujaa. Mama mdogo wa fulani kaweka kilo kumi. Mjomba wa ng'ambo, ambaye nyanya zingemfikia zimekuwa mchuzi, kaweka kreti zima kuonyesha mshikamano. Binamu za Mhandisi wakaweka, marafiki zake wakaweka. Kisha likatokea kapu moja lililoyameza mengine yote: Hoteli ya Kilima Chekundu, makreti kumi na mawili, daraja la kwanza.

Wifi alikaa chini. Alishika simu kwa mikono miwili, akasoma, akanipa nisome, akaichukua akasoma tena.

"Hoteli," aliniambia. "Hoteli, wifi. Hawanijui, sijawapikia, sijawasalimia. Wameniamini."

Kumwona vile kulinifurahisha hata mimi, na mimi si mtu wa kufurahi ovyo.

Akachuma. Alichuma na kichwa kikimuuma, akachagua moja moja kwa mkono, yenye doa pembeni, yenye mkunjo pembeni. Kwenye banda akapanga makreti ukutani, kila fungu na kipande cha boksi chenye jina la mwenyewe. La Hoteli akaliweka ndani kabisa, kwenye ubaridi, akalifunika kitambaa kilicholowa. Zile zilizobaki bila mwenyewe zilikuwa masalia tu.

Mpishi wa shule akaja. Sokoni hakumkuta wifi, akaja mpaka uani akihema.

"Jamani, nimekutafuta! Nipe zangu, watoto wanarudi kutoka likizo."

"Pole, mwenzangu. Hizi ni za watu."

Mpishi akachungulia bandani, akaona ukuta mzima umewiva.

"Zote?"

"Zote zina wenyewe."

"Wako wapi hao wenyewe?"

Wifi akamwonyesha simu. Mpishi alitazama kioo, akamtazama wifi, akatazama tena kioo.

"Mimi nimesimama hapa na miguu yangu inaniuma," akasema. "Kwani mimi si mtu?"

"Ungekuja mapema ningekuwekea."

Mama yule akageuka, akaondoka bila kuaga. Nilimfuata wifi bandani nikiwa nimechemka.

"Wewe una akili sawasawa? Hao wa kwenye simu wamelipa?"

"Watalipa. Wameweka."

"Wameweka nini?"

"Wameweka kwenye kapu. Wewe ukimwambia muuzaji akuwekee, huwa unalipa kwanza?"

Ukweli ni kwamba huwa silipi kwanza.

Tukangoja. Nyanya, kama mnavyojua, haingoji mtu. Zile ngumu zikalegea, zilizolegea zikaanza kutoa maji, na vijidudu vidogo vya kuruka vikahamia bandani na familia zao. Wifi akawa anaamka, anageuza makreti, anatoa iliyooza isije ikaambukiza jirani yake, anaziba pengo kwa nzuri kutoka fungu la masalia. Kapu la Hoteli halikuruhusiwa kupungua hata moja. Alimpigia mwanawe.

"Makapu bado yamejaa, mwanangu."

"Nimeona, mama! Mambo moto! Hata wafadhili nimewaonyesha, wamefurahi sana. Usiguse kitu chochote."

"Sigusi," akasema wifi, naye alikuwa mkweli.

Kundi la ukoo nililishughulikia mimi mwenyewe. Niliwauliza mmoja mmoja mnakuja lini kuchukua mzigo. Mama mdogo akasema alikuwa anatuunga mkono tu. Mjomba akatuma moyo. Nilimpelekea wifi majibu hayo, akabandua vipande vya maboksi ukutani, kimoja kimoja, akavikunja. Uso ulimshuka. Kisha akageukia yale makreti ya ndani.

"Hao ni ndugu. Ndugu ndivyo walivyo. Lakini hoteli haina sababu ya kunidanganya. Mteja mkubwa huenda hana gari tu. Mteja mkubwa hupelekewa."

Shamba lilikuwa limekwisha kuchumwa, na nyanya za ndugu zilikuwa zimekwisha kuoza. Kilichobaki cha msimu wote, cha jasho lake lote, kilikuwa pale chini ya kitambaa kilicholowa, na siku zake za kungoja zilikuwa zimekwisha.

Kapu lile halikuwa na namba ya simu, lilikuwa na alama kwenye ramani tu. Tukakodi pikapu. Wifi alivaa gauni lake la harusi za watu, akajipaka mafuta, akapanda mbele na simu mkononi amwelekeze dereva. Mimi nilibanwa katikati yao. Njiani alikuwa anafanya mazoezi: "Habari za kazi. Mimi ndiye mwenye nyanya." Kisha akajirekebisha: "Samahani kwa kuchelewa. Mimi ndiye mwenye nyanya."

Tukavuka soko, tukapita kituo cha mafuta, tukaingia barabara ya vumbi. Nikaanza kuona vitu ninavyovijua. Duka la rangi. Kinyozi mwenye bango lililopinda. Ule uzio wa mabati ambao tuliwahi kupitisha godoro juu yake kwa shida, mimi nikishika upande wa miguuni. Nikamtazama wifi. Alikuwa ameacha mazoezi.

"Simu inasema tumefika," akasema dereva.

Palikuwa na nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, nguo zimeanikwa, na mlango wa tatu uko wazi. Ndani, Mhandisi na wenzake wawili walikuwa wameinamia kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa mstari unaopanda, na chini yake jina la Hoteli ya Kilima Chekundu limeandikwa kwa herufi nzito. Mhandisi akainua macho, akamwona mama yake mlangoni katika gauni la harusi za watu.

"Mama! Shangazi! Mbona hamkusema mnakuja?"

"Natafuta hoteli," akasema wifi.

Kijana alitazama pikapu, akatazama makreti, na nikaona maji yanamfika shingoni polepole.

"Mama, ile... ile ilikuwa ya majaribio tu. Duka jipya likionekana tupu, watu hawaingii. Kila mtu anafanya hivyo. Nilijaza mwenyewe ili lionekane lina wateja."

"Ulijaza mwenyewe."

"Ya majaribio, mama."

"Mimi sikuchuma ya majaribio," akasema wifi. "Dereva, baba, shusha."

Makreti yakashushwa, kumi na mawili, yakapangwa mbele ya mlango mpaka mlango ukakosa nafasi ya kufungwa. Kreti la chini lilikuwa limeanza kuvuja, maji mekundu yakaingia ndani yakielekea kwenye waya za kompyuta, na wenzake wakaruka kuinua miguu. Mhandisi alikuwa karibu kulia. Nilitaka kumhurumia, lakini nilimkumbuka mpishi na miguu yake, nikaghairi.

"Mama, nisamehe. Sikujua kama ulikuwa unawawekea. Narekebisha sasa hivi." Akachomoa simu mfukoni, akatafuta, akabonyeza. "Nafuta kapu lote. Ona. Limefutika. Halipo tena."

Akamgeuzia kioo. Wifi alikitazama kwa makini, maana yeye huwa hadharau maelezo ya mtu. Kisha akainama, akaondoa kile kitambaa kilicholowa juu ya makreti, akakikamua, akakikunja na kukitia mkobani.

"Vizuri," akasema. "Sasa yafute na haya."